Msichana wa Nne

Kitabu nilikikodi kwa Simwa wa duka la dawa,
shilingi ishirini, kirudi Jumamosi,
jalada limeshikwa kwa gundi ya viatu,
ukurasa wa kwanza una duara la kikombe.
Nilidhani nitakisoma peke yangu.
Kukhu akasikia karatasi zikipinduka.
"Soma kwa sauti," akasema. "Macho yangu yamezaa watoto,
masikio bado."

Basi nikasoma,
taa ya sola ikififia, nje malori ya Malaba
yakibadilisha gia kwenye kilima cha Webuye,
na kila lori lililopunguza mwendo
liliingia hadithini kinyumenyume, taa zimezimwa,
maana humo kitabuni pia mna lori,
lina turubai la buluu,
na wanawake wanaolipanda hawaonekani wakishuka.

Inspekta Kerubo halali.
Ana goti bovu, ana talaka, ana njugu mfukoni,
hutafuna akifikiri. Mwandishi anampenda:
amempa kovu na sababu ya kovu,
amempa hadi paka.
Mkubwa wake akimwambia funga faili,
yeye hulibeba nyumbani chini ya koti
kama mtu aliyeiba kuku.
Hapo Kukhu alicheka. "Huyo ni wetu,"
akanisogezea chai.

Usiku wa pili tulifika ghalani.
Mlango wa mabati, harufu ya mbolea,
moyo wangu unadunda, naparamia maneno
nifike upesi kwenye kufuli.
Kukhu akainua mkono.
"Ngoja. Wako wangapi humo?"
Watano.
"Wataje."
Mwalimu Rispa. Adhiambo wa mitumba.
Chemutai, yule mjamzito. Peninah, binti wa mchungaji.
"Umeruka."
Sijaruka, Kukhu. Wa nne anaitwa msichana wa nne.
"Na nani?"
Na kitabu.

Nilirudi nyuma kurasa arobaini, kidole kwenye mistari
kama mtu anayechambua mchele.
Kiatu chake kipo, kimoja, chekundu, mtaroni.
Nywele zake zipo, zimenaswa na msumari.
Jina hapana.
Paka wa inspekta anaitwa Shaba.

Kukhu alinyamaza muda wa malori matatu.
Babu alifanya kazi kiwanda cha karatasi, enzi za moshi,
mji mzima ukinuka kabichi iliyooza,
na Kukhu hakuwahi kusoma hata neno
juu ya kitu kilichowalisha wanawe.
"Karatasi zilikuwa nyingi," akasema. "Nyingi mno.
Wamekosaje mahali pa jina moja?"

Kisha: "Mwite Nabalayo."

Silijui jina hilo katika nyumba hii.
Halipo kwenye kaburi lolote kule migombani,
hana shangazi aliyeitwa hivyo, wala halimo katika Biblia
ambamo babu aliandika watoto waliozaliwa
na ng'ombe waliokufa.
Nilitaka kuuliza. Nikaona vidole vyake
vinahesabu kitu kwenye pindo la leso.
Nikauma ulimi, nikarudi ghalani.

Nabalayo alisikia kufuli, nikasoma.
Nabalayo alificha msumari kiganjani.
Kila palipoandikwa msichana wa nne
ulimi wangu ulifanya ukarabati.
Inspekta akafika kurasa kumi baadaye, akichechemea,
mvua, bunduki, mambo ya vitabu.
Watano wakatoka. Kukhu aliwahesabu wakipita
kwa kunigusa goti, mara tano,
na mguso wa nne ulikaa.

Jumamosi Simwa alifungua kitabu katikati,
akauona wino wangu umepenya hadi upande wa pili.
Umenichorea mali, akasema. Kumi zaidi.
Hesabu vizuri, nikamwambia.
Yumo kurasa kumi na saba.